TELEVISHENI YA UKUMBI WETU NA KATO LA MSHAHARA

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi la Malaba na ndugu waliotoka Busia)



Katika mkutano uliopita mlituteua sisi watatu, mmoja wa stesheni, mmoja wa genge la njia na mmoja wa bohari ya mizigo, tuchunguze habari ya televisheni ya ukumbi wetu, ambayo sasa ni mahali pa kuwekea vikombe vya chai. Tena mlitutaka tuseme kama yafaa tawi likubali maneno ya yule wakala aliyekuja hapa na mkoba wake. Mnakumbuka alivyosema: kila mwanachama atapewa king'amuzi, ambacho wengi wetu twakiita dikoda, bila kutoa hata senti, ukumbi utapewa kimoja kama zawadi, nasi tutie sahihi tu kwamba shilingi 600 zikatwe kwenye mshahara kila mwezi. Watu walipiga makofi. Sisi pia tulipiga, hatutakataa.

Tumechunguza. Tuliuliza mafundi wa Busia, tukauliza jamaa walio ng'ambo ya mpaka, tukasoma magazeti ya zamani yaliyohifadhiwa na mzee mmoja hapa. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza natuanze na jambo ambalo wengi huuliza: kwa nini televisheni zetu za zamani zilikufa siku moja, na hali hazikuwa zimeharibika? Walio na umri kama wetu hukumbuka utotoni namna eriali ilivyofungwa juu ya mti mrefu wa mkaratusi, na mtoto mmoja akisimama chini kuuzungusha huku wengine wakipiga kelele kutoka ndani, "Bado! Bado! Hapo hapo!" Ukigeuza upande wa Webuye, ulipata Nairobi. Ukigeuza upande wa mwamba wa Tororo, ulipata Kampala. Picha ilikuwa na chenga kama mvua ya mawe, lakini ilionekana, na mtu wa Malaba aliweza kutazama nchi mbili kwa mti mmoja. Televisheni ya Kenya ilianza mwaka wa 1962, na ya Uganda ikaanza mwaka wa 1963, basi wazee wetu walizoea jambo hilo zamani. Mawimbi hayasimami pale kwenye kizuizi kungoja kugongewa muhuri.

Na hiyo ndiyo shida iliyoleta mambo yote haya. Mawimbi ya nchi moja yakiingia nchi nyingine huvuruga stesheni za jirani zinazotumia masafa yale yale. Kwa hiyo nchi za Afrika, za Ulaya na za Mashariki ya Kati zilikutana Geneva, na mwezi wa Juni mwaka wa 2006 zikatia sahihi mapatano. Walikubaliana kwamba mwisho ni tarehe 17 Juni 2015. Baada ya siku hiyo stesheni ya mtindo wa zamani, ule wa analogi, haitakuwa na haki ya kulalamika ikivurugwa na mitambo ya dijitali ya jirani, wala haina ruhusa kuivuruga. Watu wa Nairobi waliposikia habari hizo walidhani ni mambo ya mitambo mipya tu. Lakini sisi wa Malaba na Busia ndio hasa tuliotajwa katika maneno yale, ingawa hakuna aliyetuita Geneva, maana mapatano yenyewe yalihusu mipaka.

Tofauti ya analogi na dijitali tutaieleza kwa mambo ya kazi yetu. Njia yetu ya reli hapa ni moja. Gari la moshi moja likiwa katikati ya stesheni mbili, lingine haliingii. Analogi ilikuwa hivyo: kipande kimoja cha masafa, upana wa megahezi 8, kilibeba stesheni moja ya televisheni, basi. Dijitali ni kama injini moja inayovuta mabehewa kumi na tano au zaidi juu ya reli ile ile. Stesheni nyingi hufungashwa pamoja, zikatumwa kwa mkupuo mmoja, na king'amuzi nyumbani kwako ndicho kinachofungua mabehewa na kukupa lile unalolitaka. Nafasi iliyobaki hutumiwa kwa mambo mengine, na sehemu yake sasa inabeba intaneti ya simu. Kwa hiyo yule asiyetazama televisheni kabisa, lakini anatazama simu yake usiku kucha akiwa zamu, naye ni mrithi wa masafa yale.

Lakini iko tabia moja ya dijitali ambayo yatupasa tuijue sisi tulio mbali. Analogi ikidhoofika, picha ilififia kidogo kidogo, ukaendelea kuona vivuli na kusikia sauti. Dijitali haina vivuli. Ikifika nguvu ya kutosha, picha ni safi kama maji ya chemchemi. Ikipungua chini ya kiasi chake, picha hukatika vipande vipande, kisha kioo huwa cheusi. Kutoka Webuye mpaka hapa Malaba ni zaidi ya kilomita 50, na mpaka Busia ni kama 75. Mtu aliyekuwa akivumilia chenga zamani, siku ya dijitali akaona giza, akadhani ameuziwa kitu kibovu. Mara nyingi kitu si kibovu. Mlingoti ni mfupi.

Sasa turudi kwenye historia, maana wakala yule hakuigusa.

Rais Kibaki alifungua matangazo ya dijitali Nairobi tarehe 9 Desemba 2009. Mitambo ya kwanza ilikuwa ya mtindo ulioitwa DVB-T. Muda si mrefu serikali ikachagua mtindo mpya zaidi, DVB-T2. Herufi moja na tarakimu moja, lakini waliokwisha kununua vile vya kwanza waliona hasara. Mmoja wetu watatu alinunua cha namna hiyo katika duka moja, hatulitaji, mwaka wa 2013, kwa shilingi 3,000 alizokuwa ameweka kwa ajili ya mabati. Mwenye duka alimwambia ni kipya. Kilikuwa kipya kwa kweli, bado kilikuwa ndani ya karatasi. Lakini hakikuonyesha stesheni hata moja, na fedha hazikurudi. Mkewe hutumia kile kisanduku hata leo kuzuia mlango.

Serikali ilitaka kuzima analogi ya Nairobi mwisho wa mwaka wa 2012. Chama cha kutetea wanunuzi, COFEK, kikaenda mahakamani kikisema ving'amuzi ni ghali na watu wako karibu na uchaguzi, mambo yakasimama. Baadaye wenye stesheni kubwa nao wakashitaki. Wao walikuwa na minara yao waliyoijenga kwa fedha zao, na sasa waliambiwa kwamba kazi ya kurusha mawimbi itakuwa ya kampuni zilizopewa leseni hiyo peke yake: Signet, iliyo ya KBC, na kampuni ya Kichina, Pan African Network Group. Kesi ikapanda ngazi mpaka Mahakama ya Juu, ambayo ilitoa hukumu tarehe 29 Septemba 2014, na kazi ya kuhama ikaendelea.

Tarehe 14 Februari 2015 mitambo ya analogi ya Nairobi ilizimwa. Citizen, NTV na KTN zikatoweka hewani karibu siku ishirini, kwa kuwa hazikutaka kubebwa na wengine, na mitambo yao wenyewe ya dijitali ilikuwa bado. Zilirudi mwanzoni mwa Machi. Webuye na miji mingine ya huku iliwekwa katika fungu la pili la kuzimwa, mwaka huo huo.

Wenzetu wa Tanzania walitangulia. Walianza kuzima Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Uganda ilizima Kampala na sehemu za karibu katikati ya mwaka wa 2015, na sehemu nyingine zikafuata baadaye. Basi fikirini hali yetu. Upande wa Kenya kumezimwa, upande wa Uganda bado kuna vivuli. Kwa muda fulani wale wenye milingoti mirefu hapa Malaba walitazama Uganda peke yake, na watoto wetu waliwajua mawaziri wa Kampala kuliko wabunge wa Busia. Hatusemi ni vibaya kuijua Uganda. Wateso wako pande zote mbili, Wasamia wako pande zote mbili, harusi na matanga huvuka mpaka kila juma. Lakini mtu anapiga kura Teso Kaskazini, na kodi yake inakwenda Nairobi. Yampasa asikie pia yanayosemwa huko.

Ndugu zangu, tulipokuwa katika uchunguzi huu tulikutana na kijana mmoja, shemeji ya mwanachama wetu wa Busia, mvuvi wa kisiwa cha Sumba, kule Bunyala. Tulimwuliza habari za televisheni kisiwani, akacheka. Akasema kwao waliokuwa nazo walitumia televisheni ndogo inayokwenda kwa betri ya gari. Betri ilivushwa kwa mtumbwi hadi Port Victoria kutiwa moto, ikarudishwa. Analogi ilipozimwa, kila mwenye televisheni alihitaji king'amuzi, nacho king'amuzi kinakula betri pia. Betri iliyokuwa ikitosha siku nne ikatosha siku mbili tu, na nauli ya mtumbwi ni ile ile. Basi wengi wakaziacha. Akaja mtu mwenye duka, akaleta sola na king'amuzi cha kulipia kila mwezi, akawatoza watu shilingi kumi kumi kutazama mpira. Ilikuwa furaha. Kisha samaki wakapungua msimu mmoja, mwenye duka akashindwa kulipa mwezi, kioo kikawa cheusi katikati ya mashindano. "Tulikuwa na sola, tulikuwa na televisheni, tulikuwa na eriali," akasema, "tukakosa picha kwa ajili ya mwezi mmoja."

Maneno yale yalitukaa moyoni, kwa sababu ndiyo mambo yenyewe tuliyotumwa kuyachunguza. Kile kilichowazimia watu wa Sumba hakikuwa umbali wa mnara. Ilikuwa ada.

Na msidhani visiwa vidogo ni lazima viwe nyuma siku zote. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara la Tanzania lilingoja mpaka mwaka wa 1994. Tena viko visiwa vidogo vya Jersey na Guernsey, kati ya Uingereza na Ufaransa, ambavyo vilipata stesheni yao ya televisheni mwaka wa 1962, mwaka ule ule kama Kenya. Viko karibu na pwani ya Ufaransa; Jersey ni kama kilomita 22 tu. Analogi yao ilizimwa tarehe 17 Novemba 2010, lakini kwa kuwa masafa ilibidi wagawane na Wafaransa, walipewa mafungu machache kuliko watu wa Uingereza yenyewe, na hata leo stesheni zao za bure ni pungufu. Tulipoyasoma hayo tulitazamana. Tulidhani mambo ya mpakani ni yetu tu.

Lakini tazameni walivyotendewa wazee wa Uingereza. Uliwekwa mpango maalum wa msaada: mtu wa miaka 75 au zaidi, mlemavu, kipofu, alisaidiwa kupata kifaa, na fundi alikuja nyumbani kukifunga, asiye na uwezo hakulipa. Marekani, iliyozima tarehe 12 Juni 2009, serikali ilitoa kwa kila nyumba iliyoomba kuponi mbili za dola 40 za kununulia kifaa. Hapa kwetu mzee aliyestaafu reli alisikia tangazo kwenye redio kwamba atafute king'amuzi. Alikitafuta wapi, na kwa fedha gani, hilo lilikuwa juu yake.

Haya basi, wakala na shilingi zake 600.

Mara 600 kwa miezi kumi na miwili ni shilingi 7,200. Wanachama waliojiandikisha siku ile walikuwa 40. Hiyo ni shilingi 288,000 kutoka tawi hili moja kwa mwaka, na mwaka wa pili vile vile, na wa tatu. Tulimwuliza wakala: mtu akiacha kazi, au akihamishwa Nakuru? Akasema atajaza fomu. Tulimwuliza: tukitaka kuacha baada ya miezi mitatu? Akasema mkataba ni wa miaka miwili. Tulimwuliza kile king'amuzi cha "bure" ni mali ya nani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ni mali ya kampuni. Hayo hayakuwa kwenye karatasi yenye picha za rangi mliyopewa.

Tuliuliza bei Busia mjini. King'amuzi cha kutazama stesheni za bure, kisichodai ada ya mwezi, kinapatikana kati ya shilingi 2,000 na 3,000. Eriali na waya, kama 1,200. Unalipa mara moja, na kitu ni chako. Tena wengi walionunua televisheni za bapa miaka hii ya karibuni hawahitaji king'amuzi kabisa, kwa kuwa kimo ndani tayari. Tazameni nyuma ya televisheni au kwenye kitabu chake: pakiandikwa DVB-T2, unahitaji eriali tu. Katika nyumba sita za kota tulizotembelea, tatu zilikuwa na televisheni za namna hiyo, na wote watatu walikuwa wamejiandikisha kwa wakala.

Sasa habari ya kato lenyewe. Ada ya chama hukatwa kwenye mshahara, nanyi mnajua wazee wetu walivyopigania haki hiyo. Ni mlango tuliofunguliwa na sheria ili chama kiishi. Tukianza kuwapitishia wafanya biashara mlango huo huo, leo televisheni, kesho magodoro, siku moja mtu atapokea karatasi ya mshahara iliyojaa majina asiyoyajua. Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007, kifungu cha 19, yasema makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Wako ndugu humu ukumbini, hatutawataja, ambao kwa mikopo tu wamekwisha karibia mpaka huo. Shilingi 600 kwao ni unga wa juma zima.

Twataka kuwa wakweli kwenu. Mmoja wetu watatu hakukubaliana na wawili mpaka jana jioni. Alisema, na ni kweli, kwamba king'amuzi cha bure hakitaonyesha mechi zote za Ulaya, na vijana watakwenda kutazama kwenye baa na kutumia fedha nyingi kuliko 600. Hatuna dawa ya jambo hilo. Anayetaka mpira wa Ulaya na alipe mwenyewe, kwa mkono wake, kwa simu yake, na aache siku anayotaka. Hatumkatazi mtu. Tunachokataa ni jina la tawi kutiwa sahihi, na mshahara kuwekwa rehani kwa miaka miwili.

Mama mmoja alituuliza swali jema nyumbani kwake: ya nini televisheni ukumbini, na hali kila mtu ana simu? Tulimjibu hivi. Picha ya simu inakula fedha kila dakika, ya mnara haili. Tena mwezi wa Januari mwaka wa 2018 serikali ilipozima stesheni tatu kubwa kwa siku kadhaa, sisi tulioketi pamoja hapa ukumbini tuliona wote kwa pamoja kioo kimekuwa cheusi, tukaulizana sababu, tukabishana mpaka usiku. Mtu aliye peke yake angedhani betri imekwisha.

Kwa hiyo tunaleta mbele yenu mambo haya. Wakala ajibiwe kwa barua kwamba tawi halitii sahihi. Ukumbi ununue king'amuzi kimoja cha bure, eriali kubwa, na bomba la chuma la futi thelathini. Fundi wa njia ametuahidi bomba kuukuu lililokwisha kuandikwa kuwa chakavu, na karatasi ya ruhusa iko kwa Bwana Katibu, asije mtu akasema tumeiba. Gharama yote ni shilingi 5,400, nayo ikigawanywa kwa watu 40 ni shilingi 135 kila mmoja, mara moja. Wastaafu wasitozwe, na kwa wastaafu wanne wanaoishi peke yao, tumeomba vijana wa bohari waende kuwafungia eriali, kama fundi wa Uingereza, ila hawa watapewa chai tu.

Mwisho, tumeandika barua kwa Mamlaka ya Mawasiliano kuuliza ni lini sehemu za Busia, Malaba na visiwa vya Bunyala zitaongezewa nguvu ya mawimbi. Itasomwa sasa na Bwana Katibu. Yule mvuvi wa Sumba ameweka kidole chake, na imebaki nafasi ya majina kwa wote wanaotaka. Kalamu ziko mezani. Ngazi ndefu tunaihitaji Jumamosi saa tatu asubuhi. Mwenye nayo atuone kabla hajatoka.